Malkia Anne na Chumba cha Uzazi

Mimi ni mkunga mstaafu, na nikisoma habari za wafalme jicho hukimbilia chumba cha kujifungulia. Wengine wakimtaja Malkia Anne wa Uingereza husimulia vita na Ufaransa, au muungano na Scotland wa 1707. Mimi naanza na hesabu hii: mimba 17 kati ya 1684 na 1700, watoto watano tu waliozaliwa hai, na hakuna hata mmoja aliyeishi akamzika mama yake.

Anne alizaliwa London mwaka 1665. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Baba yake, James, mdogo wa Mfalme Charles II, akaingia Ukatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na baba mkubwa mfalme akaamuru Anne na dada yake Mary walelewe katika Kanisa la Uingereza. Mary akaozwa kwa William wa Orange, mtoto wa shangazi yao, akaenda Uholanzi. Anne akaolewa 1683 na George wa Denmark, mtu mpole asiye na makuu, na wakapendana kwelikweli.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mfu. Wakafuata mabinti wawili, Mary na Anne Sophia. Januari 1687 mimba nyingine ikaharibika, na Februari ndui ikawachukua mabinti wote wawili ndani ya siku chache, baba yao naye akiwa hoi kitandani. Leo madaktari wanabishana kuhusu chanzo cha mimba zile kuharibika. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumshambulia mwenyewe. Wakati ule hata wa kumpima presha hakuwapo.

Juni 1688 mama wa kambo, Mary wa Modena, akajifungua mvulana. James sasa alikuwa mfalme, na mvulana huyo angewatangulia dada zake kwenye kiti. Ukazuka uvumi kwamba mtoto si wake, kaingizwa chumbani ndani ya chombo cha kupashia kitanda joto! Chumbani walikuwamo makumi ya watu. Nimezalisha wanawake huku mama mkwe mmoja tu akichungulia, na hata shuka hukuweza kuibadilisha asione. Anne hakuwepo, alikuwa Bath, lakini barua zake kwa dada yake Uholanzi ziliichochea shaka ile. Novemba William wa Orange aliposhuka Uingereza na jeshi dhidi ya James, Anne alitoroka usiku kwa ngazi za nyuma, pamoja na rafiki yake Sarah Churchill. James akarudi London akakuta binti hayupo. Desemba akakimbilia Ufaransa. Kutoroka namsamehe, maana aliogopa. Zile barua simsamehe.

Na dada yake pia hawakudumu. Mary, sasa malkia baada ya baba kukimbia, alitaka Sarah afukuzwe, Anne akakataa. Aprili 1692 Anne alijifungua mtoto aliyekufa dakika chache baadaye. Mary akaja hadi kitandani, na alichozungumza ni Sarah yuleyule. Kwa mzazi ambaye maziwa yanamjaa na mtoto hayupo! Hawakuonana tena, Mary akafa kwa ndui Desemba 1694.

Mtoto wa Anne aliyebaki ni William, aliyezaliwa Julai 1689: kichwa kikubwa, hatua za kuyumba, mwenye kupenda gwaride la askari wadogo. Alikufa Julai 1700, siku chache baada ya kutimiza miaka 11. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kumpa urithi Sophia wa Hanover na uzao wake wa Kiprotestanti. Mtoto mmoja kafa, sheria ya nchi ikaandikwa upya.

Anne alitawazwa Aprili 1702 akibebwa kitini, miguu imeshindwa kwa jongo. George alifariki 1708, na Sarah, badala ya kumfariji, akamsumbua hadi naye akaondolewa kazini 1711.

Malkia alikufa 1 Agosti 1714, akiwa na miaka 49. Ndugu zaidi ya 50 wa karibu zaidi waliachwa kwa sababu ya Ukatoliki, taji likaenda kwa George wa Hanover, mwana wa Sophia. Wa kwanza miongoni mwa walioachwa alikuwa yule mvulana wa 1688, mdogo wa Anne kwa baba, kijana wa miaka 26. Na kwa ukunga wangu wote nasema: Mary wa Modena ndiye aliyemzaa.