Kitakasarangi si polishi

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, chochote kinachopakwa kwenye bodi ya gari kisha kikafutwa kwa kitambaa huitwa polishi. Jina hilo moja limebebeshwa vitu vitatu: nta inayofunika rangi, kampaundi inayoikwangua, na dawa ya kemikali inayoyeyusha uchafu ulioganda juu yake. Hii ya tatu, ambayo chupa zake huandikwa paint cleaner, ndiyo haijapata jina kwetu.

Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni kisafisha rangi. Kisarufi haina kosa, ila masikioni inakaribiana mno na kiondoa rangi, ile dawa kali ya kubambulia rangi hadi bati libaki tupu. Anayeagiza moja akapewa nyingine atapoteza boneti. Mimi napendelea kitakasarangi, kwa muundo wa kiuagugu na kiuavijasumu. Kutakasa ni kutoa taka na kukiacha kitu chenyewe kikiwa kizima. Wapo watakaolalamika kwamba neno linanukia ubani. Na linukie.

Ndani ya chupa mna viyeyushi vitokanavyo na petroli pamoja na kemikali za jamii ya sabuni. Hulegeza nta kuukuu, madoa ya lami, utomvu wa miti na kiasi cha ule utando mweupe wa rangi iliyopauka. Kupauka ni kazi ya jua: mionzi ya urujuanimno huvunja gundi inayoshikilia rangi, oksijeni ikamalizia. Ndiyo maana boneti na paa hutangulia kupauka, milango ikafuata. Ipo pia aina inayoshughulikia chembe za chuma zinazorushwa na breki na kujikita kwenye rangi. Ikizigusa hugeuka zambarau, na mteja asiyejua hudhani gari lake limeharibiwa.

Anayetaja kitakasarangi cha kemikali, neno kemikali asilidondoshe. Chupa nyingi za madukani huchanganya viyeyushi na chembe laini za kusugulia, na chembe hizo hula rangi. Magari mengi ya siku hizi, yakiwemo ya mtumba kutoka Japani, yana tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Unene wake ni kama mikroni 40 au 50, pungufu ya unywele. Kila raundi ya kampaundi hulipunguza, na likiisha halirudi. Kitakasarangi cha kemikali tupu hakilikwangui. Kwa sababu hiyo hiyo hakiwezi kufuta mikwaruzo, hata muuzaji aape.

Kabla ya kuanza, dondoshea kidogo kwenye kitambaa cheupe usugue pembeni, kivulini, bati likiwa limepoa. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari hilo halina klia au imeshaisha, na unachofuta ni rangi yenyewe, nenda taratibu. Kikitoka na weusi wa uchafu tu, endelea. Ukimaliza paka nta siku hiyo hiyo, kwani kinga ya zamani umeshaiyeyusha. Klia iliyoanza kubanduka magamba haina dawa ya chupa: hapo ni msasa na kupiga rangi upya.