Gari dogo la nyikani: Yapi yafaa kuongezwa, yapi ni hasara?

MTU anunuapo gari dogo la kupita njia mbovu, ushawishi huanza siku iyo hiyo. Rafiki atamwambia aliinue. Muuza vipuri atamwonyesha bampa la chuma. Fundi naye atataja winchi, keria ya juu na taa za ziada. Kila kimoja kina kazi yake, lakini vyote kwa pamoja vinaweza kulifanya gari lililokuwa hodari kuwa zito, la kuyumbayumba na lenye breki zisizotosha.

Swali la msingi si kifaa gani kinapendeza, bali ni tatizo gani linalomkabili mwenye gari, na kama kifaa hicho kinalitatua bila kuzua jingine kubwa zaidi.

Mfano mwafaka ni Suzuki Jimny na jamaa zake, magari yanayojulikana sana nchini Kenya. Ukoo huu ulianza Japani mwaka wa 1970. Mwaka wa 1981 ilikuja SJ410, na kutokana nayo India ikaanza kuunda Maruti Gypsy mnamo 1985. Kuanzia mwaka wa 1995 springi za majani zilianza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na springi za koili. Muundo wa sasa ulizinduliwa mwaka wa 2018, na ule wa milango mitano ukafuata nchini India mwaka wa 2023.

Katika miaka hiyo yote msingi haukubadilika: chesisi imara, ekseli nzima mbele na nyuma, gia nzito za kupandia milima, na uzito mdogo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo siri ya gari lenyewe. Palipo na matope au mchanga, gari jepesi hupita juu pale ambapo gari kubwa huzama. Likikwama, watu wachache huweza kulisukuma likatoka.

Hesabu ya kilo

Jimny ya milango mitatu iliyotoka 2018 ina uzito wa kati ya kilo 1,075 na 1,135 ikiwa tupu, kutegemea aina na namna ya kupima. Uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na watu na mizigo, ni kilo 1,435. Kwa hivyo linalobaki ni kilo 300 hadi 360 pekee. Watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja wanatosha kumaliza kilo 300.

Chukua safari ya watu wawili kuelekea Marsabit. Wao wenyewe ni kilo 150. Bampa la chuma na winchi ni kilo 60 au zaidi. Keria ya juu ni kama kilo 25. Debe la lita 20 za petroli hukaribia kilo 19, la maji kilo 21, na sanduku la vyombo vya ufundi kilo 20. Jumla ya vifaa na akiba hiyo ni kilo 145. Hapo hema, chakula, nguo na tairi kubwa havijahesabiwa, na gari limekwisha kukaribia kikomo chake.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wahenga. Gari hili silo Mnyamwezi. Likizidishiwa uzito, huchelewa kusimama, springi hulala, beringi huchakaa na injini ndogo huhema kwenye mlima.

Matengenezo kwanza

Aliyenunua gari lililokwisha kutumika hana budi kuanza kwa kurekebisha kilichopo. Mipira ya springi iliyokufa, shokomzoba zinazovuja, beringi za magurudumu zilizolegea na mafuta ya difu yaliyochanganyika na maji havitibiwi kwa kuongeza vifaa vipya. Usukani unaotetemeka kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa mara nyingi ni dalili ya beringi za egemeo la gurudumu zilizochakaa au magurudumu yasiyosawazishwa. Kuongeza tairi kubwa juu ya kasoro hiyo ni kuikuza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tairi

Baada ya matengenezo, hakuna badiliko linaloleta faida kubwa kama tairi nzuri. Tairi ndiyo inayogusa ardhi; nguvu zote za injini na breki hupitia hapo. Tairi za matumizi mseto, zenye kuta imara na meno ya wastani, humfaa anayeendesha lami siku tano na murramu siku mbili. Tairi za matope zenye meno makubwa hunguruma barabarani na nyingi hazishiki vizuri lami iliyolowa. Zinamfaa tu yule ambaye matope ni maisha yake ya kila siku.

Ukubwa nao una gharama. Tairi asilia ya 195/80 R15 ina kipenyo cha milimita 693 hivi. Ile ya 235/75 R15 ina milimita 733. Tofauti ni milimita 40, lakini difu huinuka nusu yake, yaani milimita 20. Kwa upande mwingine, gia hupungukiwa nguvu kwa karibu asilimia 6, na kipima mwendo husoma chini ya kasi halisi kwa kiasi hicho hicho. Anayetaka kubaki na nguvu za injini achague tairi inayokaribia kipimo cha asili, kwa mfano 215/75 R15.

Upepo na vyombo vya kunasulia

Kifaa cha bei nafuu kilicho na faida kubwa ni kipimo cha upepo pamoja na pampu ndogo inayotumia betri ya gari. Presha ya kawaida ya Jimny ni takriban 26. Ikipunguzwa hadi 15 au 16 kwenye mchanga, kama ule wa jangwa la Chalbi, tairi hutanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, na gari lililokuwa likichimba huanza kutembea. Mwendo uwe wa taratibu wakati huo, na upepo urudishwe kabla ya kupanda lami, kwani tairi laini ikiendeshwa kwa kasi hupata joto na kupasuka.

Koleo, mbao mbili za kukanyagia na kamba ya kuvutia yenye kipimo cha uzito kilichoandikwa hukamilisha orodha hii. Kamba ifungwe kwenye ndoana imara zilizokazwa kwenye chesisi. Kamwe isifungwe kwenye mpira wa kuvutia trela, kwa kuwa ukikatika huruka kama risasi na kuua. Watazamaji wasimame mbali, si kando ya kamba.

Kuinua gari

Wengi huamini kwamba kuinua gari kwa springi ndefu kunaondoa kila kizuizi chini yake. Sivyo. Springi huinua bodi na chesisi. Ekseli na difu hubaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi tu. Faida ya springi ndefu ni kutoa nafasi ya tairi kubwa na kuongeza pembe ya kupanda kingo.

Jimny ya 2018 ina upana wa milimita 1,645 na kimo cha takriban milimita 1,725. Gari jembamba na refu kwenda juu, likiinuliwa zaidi, huwa rahisi kupinduka kwenye kona au ubavuni mwa mlima. Kuinua vilevile huvuruga pembe za magurudumu ya mbele, na usukani ukapoteza utulivu barabarani. Kwa matumizi ya kawaida, sentimita 3 hadi 5 zinatosha, pamoja na vipuri vya kurekebisha pembe hizo na mabomba ya breki yenye urefu wa kutosha.

Magari yaliyoinuliwa sana yanayoonekana katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa milima ya Aberdare, yameundwa kwa shughuli hiyo. Hayapaswi kuwa kielelezo kwa gari linalopeleka watoto shuleni.

Difu, winchi na snokeli

Gurudumu moja likining'inia hewani, difu ya kawaida hupeleka mzunguko huko huko hewani. Difu ya kufunga huyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja. Haiongezi uzito mwingi, hivyo kwa anayepanda miamba mara kwa mara ni ununuzi wa busara. Hata hivyo, Jimny ya 2018 hutumia breki kuzuia gurudumu linaloteleza, na wengi hawatahitaji zaidi ya hapo.

Winchi humfaa anayesafiri peke yake katika nchi ya matope. Achague yenye kamba ya nyuzi badala ya waya, ili kupunguza kilo. Wanaosafiri kwa magari mawili au zaidi wanaweza kuiacha dukani.

Keria ya juu yahitaji tahadhari. Suzuki huruhusu kilo 30 pekee juu ya paa la gari hili likiwa safarini, ilhali hema nyingi za juu ya gari zina uzito wa kilo 45 au zaidi.

Snokeli nayo huizuia injini kunywa maji, lakini hailizuii gari kubebwa na mto. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kulisomba gari la kawaida, na hili ni jepesi zaidi. Mto uliofurika husubiriwa, hauvukwi.

Bima na usajili

Mabadiliko makubwa yaelezwe kwa kampuni ya bima kabla ya ajali, kwani kuficha jambo la aina hiyo kunaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia. Yale yanayogusa maelezo ya hati ya usajili, kama vile injini, rangi au umbo la bodi, sharti yaarifiwe NTSA.

Kwa ufupi, mpangilio wa busara ni huu: matengenezo, tairi, upepo na vyombo vya kunasulia; kisha safari kadhaa na gari likiwa hivyo hivyo. Mahali litakapokwama mara kwa mara ndipo patakapoonyesha kifaa kinachofuata. Na iwapo halikwami, fedha zilizobaki ni za petroli.