Nani Aliyebeba Vita vya Uluguru?

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro. Yalitaka kumzingira Lettow-Vorbeck, lakini wapi! Wajerumani walikwishaizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Simulizi nyingi huishia hapo: jenerali kamkosa jenerali. Sasa mimi nauliza, jamani, chakula cha askari wa pande zote kilitoka shamba la nani? Risasi zilipanda milimani kwa mgongo wa nani? Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi. Lettow-Vorbeck alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920. Mpagazi kaachiwa neno moja tu, Kariakoo, jina la Kiingereza la kikosi chake lililoswahilishwa. Wahakiki, tuanze kusoma hapo.