Somo la Historia: Prosesa ya Bei Nafuu Iliyopita Kiwango Chake

Daftari na kalamu viwe karibu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Mashine ya kukamua alizeti mnaijua. Injini inazunguka, mkanda unavuta puli, na puli inazungusha mashine. Mtu akitaka kazi iende mbio hubadilisha puli, au huongeza mwendo wa injini. Kazi itakwenda, lakini beringi zitapata moto. Shikeni mfano huo, kwa sababu kompyuta nayo ina mambo hayo hayo.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi. Basi wenzetu wa Ulaya na Marekani walipoanza kufungua kompyuta zao nyumbani na kuzichokonoa, wengi wetu hatukuwamo.

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, kidude kidogo chenye kufanya hesabu. Hufuata mapigo, kama wachezaji wanavyofuata ngoma. Mpiga ngoma yumo katika ubao mkuu, na prosesa huyazidisha mapigo yake, kama puli zinavyozidisha mizunguko ya injini.

Mwezi wa Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Ubao ulipiga mara milioni 67 hivi kwa sekunde, prosesa ikazidisha kwa 4 na nusu, ikapata milioni 300. Intel walilifunga lile 4 na nusu lisibadilike, yaani puli imechomelewa. Sababu mojawapo ilikuwa wafanyabiashara wadanganyifu waliofuta chapa za prosesa za polepole, wakaandika mwendo mkubwa na kuziuza ghali. Lakini injini haikufungwa! Watu wakaongeza mapigo ya ubao hadi milioni 100, na Celeron nyingi zikaenda milioni 450, mwendo wa prosesa ya bei kubwa ya Intel iliyotoka mwaka ule ule.

Iliwezekanaje? Prosesa nyingi hukatwa kutoka bamba moja, kisha hupimwa moja moja. Chapa ya mwendo ni ahadi ya kiwanda, wala si ukomo wa kifaa. Wanunuzi wakitaka nyingi za bei ndogo, hata zilizo nzuri hupigwa chapa ya chini. Hata hivyo nyingine ziligoma, na mwenye nayo hakujua mpaka ajaribu.

Siku hizi prosesa nyingi za bei nafuu za Intel zimefungwa kila upande. Kampuni ya AMD ilipotoa Ryzen za mezani mwaka 2017 iliziacha wazi, ingawa bao nyingine za bei ndogo haziruhusu. Kwa hiyo aulize kwanza kabla ya kununua.

Sasa mfikirieni kijana mwenye kibanda cha michezo hapa Singida. Kompyuta yake ni kisanduku kidogo, na ndiyo shamba lake. Akiiharakisha, adui yake ni joto. Akiongeza volti kwa asilimia 10 tu, joto huongezeka kwa asilimia 21 hivi, maana volti hujizidisha yenyewe. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari; hewa yetu ni nyepesi, haibebi joto vizuri kama ya Dar es Salaam. Na vumbi la kiangazi mnalijua wenyewe. Kwangu mimi, kisanduku cha namna hiyo volti zake ziachwe zilivyo.

Aanze kwa kusafisha feni. Aongeze mapigo kidogo kidogo, na kila hatua aiendeshe kompyuta kwa kazi nzito saa kadhaa, akitazama kipimo cha joto. Ikizimika au ikikosea, arudi hatua moja nyuma. Prosesa za leo zikipata moto mno hujipunguzia mwendo zenyewe, hivyo anayelazimisha huishia pale pale alipoanza. Tena dhamana ya kiwanda huweza kupotea.

Andikeni hesabu hii. Ubao wa Celeron 300A ukipiga mara milioni 75 kwa sekunde, prosesa itapiga mara ngapi? Mwalimu wenu atasahihisha.