Steringi Hafi: Filamu za Mashujaa na Kumbukumbu ya Majimaji

Katika mabanda ya video ya miaka ya 1990 kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto aliijua kabla hajalipa kiingilio: steringi hafi. Steringi ndiye mhusika mkuu. Angeweza kutupwa kutoka kwenye helikopta, kufungwa minyororo au kumiminiwa risasi na kikosi kizima, nasi tulikaa kwenye mabenchi ya mbao tukiwa na uhakika kwamba atainuka. Adui aliruhusiwa kumpiga mwanzoni ili kipigo cha mwisho kitamu kiwe cha steringi. Aliyemlilia steringi katikati ya filamu alichekwa kwamba bado ni mgeni wa banda.

Sheria hiyo ilinirudia nilipokuwa likizo Peramiho, kilomita zipatazo 24 magharibi ya mji wa Songea. Vijana walijazana mbele ya runinga wakitazama filamu ya Avengers iliyotiwa sauti ya Kiswahili na DJ, na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili, alikuwa amesimama mlangoni kwa dharau kidogo.

"Mjomba, hizi si filamu za watoto?" aliniuliza. "Kila moja mwisho wake unaujua kabla haijaanza."

Nilimjibu kwamba kesho yake tungekwenda Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, kisha aniambie kama hadithi atakayoikuta huko nayo hakuujua mwisho wake. Nilisema kwa mzaha, lakini mzaha huo umenisumbua hadi leo.

Tuanze kwa kulipa shtaka lake haki yake. Mwaka 2019 mtayarishaji mashuhuri wa Marekani, Martin Scorsese, alisema filamu za kampuni ya Marvel si sinema kwa maana anayoijua yeye, na akazifananisha na viwanja vya michezo ya burudani. Mashabiki walikasirika, lakini hoja yake haikuwa nyepesi. Tangu Iron Man ya mwaka 2008 zimetolewa filamu nyingi zenye umbo moja: mtu anapata uwezo, anautumia vibaya, anafundishwa unyenyekevu, adui mwenye uwezo kama wake anatokea, mji unabomoka, shujaa anashinda. Katika Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 nusu ya viumbe wote hutoweka, mwaka uliofuata, katika Endgame, wanarudishwa. Ni kweli kwamba Tony Stark anakufa katika filamu hiyo ya pili na maziko yake yanaonyeshwa. Hata hivyo, mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mwigizaji aliyemwigiza atarejea katika mfululizo huohuo kwa sura ya mhusika mwingine. Soko limegundua kile ambacho mabanda yetu yalikijua zamani: steringi hafi, na akifa hupewa jina jipya.

Lakini umbo linalojirudia halitoshi kuwa kosa. Ngano zetu zote zina umbo. Sungura atamshinda fisi, na mtoto anayeifahamu ngano hiyo huiomba tena usiku unaofuata. Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, ana kila sifa ya shujaa wa filamu za leo: nguvu zisizo za kawaida, kutoroka gerezani kwa hila, na mwili usiodhurika isipokuwa mahali pamoja tu. Hakuna msomi wa Kiswahili atakayesema Liyongo ni wa watoto. Tofauti iko katika gharama. Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi ya ndoa na cheo. Shujaa anakufa amepiga goti na upinde wake mkononi, watu wa mji wanaogopa kwenda kisimani, na mtoto msaliti hapati alichoahidiwa. Hakuna sehemu ya pili inayomfufua baba, wala inayomsafisha mwana. Msikilizaji huondoka na deni moyoni.

Nasita pia kulitumia neno "utoto" ovyo, kwa sababu lina historia chungu katika filamu za nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu fupi kuhusu mambo kama benki ya akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo na minyoo ya safura. Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha kitengo cha filamu kwa makoloni yao. Mmoja wa viongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida: apewe picha za polepole, hadithi nyepesi, bila ufundi wa kamera utakaomchanganya. Watu wazima walioendesha mashamba, mashauri ya ukoo na biashara za mbali walitengenezewa filamu kana kwamba ni watoto. Kwa hiyo msomi anayesimama mlangoni mwa banda na kuwaita waliomo ndani watoto ajiulize kwanza sauti hiyo aliirithi kwa nani.

Utoto ninaousema mimi, basi, ni wa hadithi, si wa mtazamaji. Hadithi ni ya kitoto pale inapomwahidi msikilizaji kwamba hakuna kitakachogharimu chochote, na kwamba mbaya na mwema watajulikana kwa mavazi yao. Kwa kipimo hicho tuingie Songea.

Mwaka 1905 ilifika Ungoni ahadi ambayo mtunzi yeyote wa filamu za mashujaa angeitamani. Ilikuwa imeanzia kusini mashariki, Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa Agosti mwaka huo. Dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji. Miaka thelathini na mitatu baadaye vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimtoa gazetini Superman, ambaye risasi hazimuumizi. Ndoto ni ileile: mwili wa mnyonge usiopenya risasi ya mwenye nguvu. Wao waliijaribu kwenye karatasi. Watu wa Ungoni waliijaribu mbele ya bombomu.

Hapo ndipo hadithi inapokataa kukaa kwenye umbo la filamu, na Peramiho ni ushahidi mzuri. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa hapa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Akiwa askofu, tarehe 14 Agosti 1905, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kuja huku. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Je, wamisionari ni maadui au wahanga? Walikuja chini ya kivuli cha bendera ya Kijerumani, na walizidharau mila za mahoka. Pia walifia njiani bila silaha za kutosha kujilinda. Mwaka 1906, viongozi wa Kingoni walipohukumiwa kunyongwa mjini Songea, padre aliingia gerezani akawabatiza wengi wao kabla ya kitanzi. Huyo alikuwa mfariji au mshirika wa mnyongaji? Leo wajukuu wa waliochoma misheni huzaliwa na kutibiwa katika hospitali iliyojengwa na misheni hiyohiyo. Mtunzi wa filamu angelazimika kuchagua upande. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo.

Upande wa pili nao haupangiki vizuri. Walionyongwa, akiwemo Nkosi Mputa wa Njelu na nduna Songea Mbano ambaye mji unaitwa kwa jina lake, wanastahili kila shada tunaloliweka tarehe 27 Februari. Walikataa kutawaliwa. Lakini dola za Kingoni zenyewe zilijengwa kwa mkuki katika karne ya 19. Wandendeule, Wamatengo na wengine walijua maana ya kuvamiwa na kuchukuliwa mateka. Wengi waliopigana kama Wangoni walikuwa sutu, watu wa makabila yaliyomezwa na dola hizo. Na waliobeba bunduki za Mjerumani kwa sehemu kubwa walikuwa askari Waafrika. Chabruma wa Mshope hakupata hata kifo cha kishujaa mbele ya adui: alikimbilia upande wa Wareno akauawa huko.

Kisha ipo gharama yenyewe. Vita vya ana kwa ana vilipokwisha, Wajerumani waligeukia chakula. Maghala na mashamba yalichomwa kwa makusudi, na maofisa waliandika bila haya kwamba njaa ndiyo itakayowalainisha waasi. Takwimu rasmi za Wajerumani zilikadiria vifo 75,000 kusini yote. Wanahistoria wa Tanzania, akiwemo Gilbert Gwassa, wamekadiria 250,000 hadi 300,000. Chukua makadirio yoyote kati ya hayo: waliokufa kwa kitanzi ni sehemu ndogo mno. Walio wengi walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo, na wengi wao hawakuwahi kushika mkuki.

Siku ya pili, kama nilivyoahidi, tulisimama mbele ya sanamu za machifu katika makumbusho. Mpwa wangu alizitazama kwa muda, akasoma majina, kisha akasema taratibu, "Mjomba, hapa masteringi wote wamekufa." Nilidhani amemaliza. Akaongeza, "Lakini wake zao wako wapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Tumemgeuza steringi wa Majimaji akawa anayekufa, tukadhani tumekua. Kumbe umbo ni lilelile. Yupo shujaa mmoja mwenye jina, yupo adui mmoja mwenye ngozi tofauti, upo mwisho unaojulikana: walishindwa, lakini waliwasha moto uliotuletea Uhuru mwaka 1961. Wanafunzi wangu huandika sentensi hiyo ya mwisho katika kila mtihani, karibu neno kwa neno, kama DJ anavyofunga filamu. Ni sehemu ya pili inayofuta machungu ya sehemu ya kwanza. Ebrahim Hussein alituonya mapema: katika tamthiliya yake Kinjeketile ya mwaka 1969, mhusika mkuu hana nguvu za ajabu bali ana shaka, na neno alilolitoa linakua likamshinda yeye mwenyewe. Tumeifundisha tamthiliya hiyo shuleni kwa miongo mingi, lakini sherehe zetu bado zinamtaka steringi.

Kuna atakayesema taifa linahitaji mashujaa, na watoto hawafundishwi kwa mashaka. Nakubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili ina gharama ya kisiasa, na gharama hiyo iko mezani sasa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho yaleyale ya Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha. Familia inalidai fuvu la mzee wao, ambalo simulizi zinasema lilipelekwa Ujerumani, naye akaahidi juhudi za kulitafuta. Dai hilo ni la haki, na fuvu likipatikana lirudi. Lakini mazungumzo yakiendeshwa kwa mantiki ya filamu, yenye shujaa mmoja na fuvu moja, basi siku litakaporudi Berlin itasema deni limelipwa na Dodoma itapiga makofi. Nani atayadai maghala? Nani atawadai waliokufa vichakani wakitafuta mizizi ya kula? Historia yenye steringi mmoja ni rahisi kuifidia kwa bei nafuu. Watumishi wa umma watakaoketi katika vikao hivyo wanapaswa kulijua hili kabla hawajafungua mafaili.

Mfano wa kufanya vizuri zaidi tunao nyumbani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo chuo kishiriki, walitumwa katika likizo kuwahoji wazee wa maeneo ya Majimaji. Walirudi na simulizi ambazo hazikufanana: za waliopigana, za waliojificha, za waliofuata dawa na za walioikataa. Hawakuleta shujaa mmoja. Wazee wale wamekwisha, lakini koo za Ungoni bado zina kumbukumbu za njaa, za watoto waliogawiwa kwa jamaa wa mbali, za mabibi waliovuka Ruvuma. Hazijaandikwa kwa sababu hakuna aliyezidhani kuwa ni historia. Hazina steringi.

Mpwa wangu sikumkataza filamu zake, na siku ya kuondoka nilimkuta amekaa ndani ya banda, si mlangoni. Nilimwomba jambo moja tu: amuulize bibi yake, mzaliwa wa hapahapa Peramiho, ukoo wao ulikula nini mwaka 1906. Amenipigia simu wiki iliyopita. Bibi amezungumza jioni mbili, na daftari la kwanza limejaa.