Pafu la kupandikizwa: vita na maambukizi tangu 1963

Tarehe 11 Juni 1963, mjini Jackson, Marekani, munganga James Hardy alimpandikiza mtu pafu la marehemu kwa mara ya kwanza duniani. Mgonjwa aliishi siku 18 tu. Mwaka 1968, mjini Gent, Ubelgiji, mgonjwa wa munganga Fritz Derom alifikisha miezi 10. Wengine wengi walikufa mapema: mwili ulikataa pafu, mshono wa njia ya hewa uliachia, ao maambukizi yaliwamaliza.

Pafu hupokea hewa ya inje kila saa, pamoja na vijidudu vyake. Na dawa inayozuia mwili usilikatae ndiyo hiyo inayodhoofisha kinga. Siklosporini, dawa iliyotoka kwenye kuvu wa udongoni, ilileta nafuu: mwaka 1983, Toronto, Canada, mgonjwa wa munganga Joel Cooper alipandikizwa pafu, akaishi zaidi ya miaka 6.

Lakini kinga ilibaki ndogo. Hadi leo mgonjwa hunywa pia dawa za kuzuia maambukizi, hunawa mikono, huvaa barakoa penye watu wengi. Homa hata kidogo, anaenda hospitali siku ileile. Dawa haachi mwenyewe, hata akijisikia muzima.