Mashine ya Mjerumani

Hapa Tanga chuma chochote kikongwe hupewa Mjerumani. Reli ni yake kweli, na mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Lakini hata lango na kitasa watu husema ni vya Mjerumani, na mazungumzo hukomea hapo.

Ndivyo nilivyoambiwa kuhusu mashine ya kukatia majani niliyoikuta kwenye stoo ya nyumba ya meneja wa zamani, katika shamba moja la mkonge karibu na Muheza. Ilikuwa na pipa la visu mbele, rola nzito nyuma, na juu yake injini ya Honda ya pampu ya maji. Honda ilikuwa mgeni, hilo halikuhitaji fundi. Nilitaka kuijua injini ya kwanza, kwa kuwa injini hubeba jina na namba, na hivyo viwili hutaja asili yake.

Fundi mmoja wa Ngamiani aliikwangua rangi ya fremu, yakatokea matundu manne ya zamani. Pale stoo palikuwa na injini mbovu iliyotumika kuzuia mlango. Tulipoipachika, matundu yalilingana, na mnyororo ukanyooka hadi kwenye visu. Gurudumu lake la sumaku lilikuwa la shaba, na baada ya kulisugua tukasoma: Villiers. Kwenye injini hizo, herufi zinazotangulia namba ndizo zinazoonyesha aina.

Basi si ya Mjerumani. Villiers zilitengenezwa Wolverhampton, Uingereza. Atco ya Birmingham ilianza kuuza mashine za majani za petroli mwaka 1921, nyingi zikiwa na injini za Villiers. Na Mjerumani alikwisha kuipoteza Tanga tangu 1916.

Msomaji ataniuliza, yanini yote haya? Ni kwamba tukimpa Mjerumani kila kitu, tunamsahaulisha Mwingereza. Wakati mashine kama hii zikilainisha majani mbele ya baraza za mameneja, mkonge ulikatwa kwa mkono na watu waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko. Tangu 1944 wengi waliandikishwa na ofisi iliyoitwa SILABU. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi, na kwa kuwa walitambuliwa kwa namba, waliitwa manamba.

Injini ile imerudishiwa jina lake, kwa sababu mtengenezaji aliona inastahili kuandikwa jina na namba pamoja. Manamba walibakiziwa namba tu. Watoto na wajukuu wao wapo Muheza, Korogwe na Pangani. Tuwaulize majina ya wazee wao, tuyaandike, kabla hayajawa nayo vyuma vya kuzuia mlango.